Kompyuta imefika zahanati, lakini kitabu hakijaondoka: hali ya afya ya kidijitali tuionavyo sisi wa Dodoma

Nesi wa Takwimu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi ndugu wanajukwaa, na kwa wasio wa Ugogoni, habari za saa hizi.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka kumi na minne. Minane ya mwanzo niliitumikia katika zahanati za vijijini upande wa magharibi wa mkoa huu, na iliyobaki katika hospitali moja ya hapa mjini, ambako kwa sasa nimewekwa kitengo cha takwimu na kumbukumbu. Kwa kuwa makao makuu ya nchi yapo hapa, mikutano ya afya ya kidijitali haiishi, na baadhi yake nimehudhuria. Husomwa idadi ya mifumo iliyozinduliwa, idadi ya vituo vilivyofungiwa kompyuta na idadi ya watumishi waliopewa mafunzo, lakini sijawahi kumsikia mtoa mada hata mmoja akisema ni vitabu vingapi vimeondolewa mezani kwa muuguzi tangu kazi hiyo ianze. Hicho ndicho kipimo changu, na ndicho ninachoomba tukijadili.

Kwa walio nje ya fani, nieleze kidogo. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, umekuwapo tangu miaka ya 1990, na kila huduma ndani yake ina kitabu chenye namba yake: wagonjwa wa nje wanaandikwa kitabu namba 5, wajawazito namba 6, watoto namba 7, wanaojifungua namba 12, waliolazwa namba 14. Muuguzi anaandika mstari mmoja kwa kila mtu, anapiga vijiti kwenye karatasi ya tali, mwisho wa mwezi anajumlisha, na majumuisho hayo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo nchi yetu imeitumia kitaifa kwa zaidi ya muongo mmoja. Juu ya msingi huo ikaja GoTHOMIS ya kuendeshea vituo vilivyo chini ya halmashauri, ukaja mfumo wa kuagizia dawa, mfumo wa madai ya bima, rejesta ya chanjo ya kielektroniki, na kanzidata ya watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kila kimoja kina sababu nzuri ya kuwapo. Tatizo ni kwamba vyote vinamtegemea mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pia anayempima mama presha na kumsikiliza mtoto tumboni.

Siku ya kliniki yenye akina mama arobaini, nimewahi kuliandika jina la mama mmoja mara tano kabla hajanyanyuka kwenye benchi: kwenye kadi yake, kwenye kitabu namba 6, kwenye fomu ya maabara, kwenye kompyuta, na kwenye daftari letu wenyewe la pembeni, ambalo tulilianzisha baada ya kuona kwamba hivyo vingine vyote havitusaidii kumkumbuka nani hajarudi. Hilo daftari la pembeni ndilo linalonipa mashaka kuliko yote. Mtumishi akilazimika kujitungia daftari lake ili aweze kuhudumia watu, maana yake vile alivyoletewa havikutengenezwa kwa ajili ya kuhudumia watu, vilitengenezwa kwa ajili ya kutoa taarifa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Taarifa zetu zinapanda vizuri sana: kutoka kijijini hadi halmashauri, hadi mkoani, hadi wizarani, na ninakiri kwamba leo mtu aliye Mtumba, kwenye ofisi za wizara, anaweza kujua ndani ya dakika chache ni wajawazito wangapi walihudhuria kliniki wilayani Chemba mwezi uliopita. Lakini taarifa hizo hazitembei na mgonjwa. Zinampita juu kwa juu.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Mama mjamzito alitoka zahanati moja ya mbali kwa rufaa, akapokelewa kituo cha afya, kisha akaletwa hospitali ya mjini. Vituo vyote vitatu vilikuwa na kompyuta. Alipofika kwetu, karani akafungua faili jipya, akamuuliza jina, umri na kijiji, na daktari akaagiza upya kundi la damu na wingi wa damu, kwa sababu majibu yaliyopatikana wiki ile ile hayakuonekana popote kwenye mfumo. Kilichotuokoa ni kadi yake ya kliniki, aliyokuwa ameiviringisha ndani ya mfuko wa plastiki na kuifunga kwenye pindo la kanga. Mfuko wenyewe ulikuwa wa zamani, wa kabla ya marufuku ya Juni 2019, na nadhani aliutunza kwa kazi hiyo tu. Kwenye kadi ile kulikuwa na kila kitu: tarehe za mahudhurio, presha, dawa alizopewa, na mwandiko wa muuguzi aliyehofia kuvimba kwa miguu yake. Wataalamu wanazungumza sana kuhusu mifumo kusomana, yaani kupashana taarifa. Siku ile mifumo mitatu ilisomana kupitia pindo la kanga.

Sababu mojawapo ya kutosomana ni jambo dogo ambalo ukilitazama kwa karibu si dogo hata kidogo, nalo ni jina. Katika vijiji vyetu mtu ana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la babu, na hutaja lolote kati ya hayo kutegemea anayeuliza ni nani. Maria wa zahanati ni Mary wa bima na ni Meri wa maabara. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo usiseme, kwa sababu wazee wanahesabu kwa miaka ya njaa na ya mvua nyingi, na kompyuta haikubali jibu hilo, basi karani anaandika tarehe 1 Januari ili dirisha lifunguke. Ukiamini kompyuta zetu, utadhani nusu ya wazee wa mkoa huu walizaliwa siku ya mwaka mpya. Namba ya kitambulisho cha taifa ingesaidia, lakini ina tarakimu 20, mgonjwa haikumbuki, na mtoto mchanga hana.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanikiwa. Malipo kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, yamepunguza fedha kupita mkononi mwa mtu, na waliofanya kazi zama za stakabadhi za kuandikwa kwa kalamu wanajua ninachokisema. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao baada ya majaribio ya miaka kadhaa Kanda ya Ziwa ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga 115 bila malipo, anayepokea anauliza maswali yake, anaamua mgonjwa apelekwe wapi, na kama gari la wagonjwa halipo karibu anaitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mama hahitaji simu janja, hahitaji bando, hahitaji hata kujua kusoma. Kompyuta ipo, lakini ipo upande wa anayehudumia, na mama anachokiona ni gari limefika.

Naomba michango ya walio vituoni, walio kwenye Tehama, na hasa ya wagonjwa wenyewe.

Mwana wa Kondoa

Heshima kwako mwanzisha uzi. Mimi niko zahanati yenye watumishi wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kwa miezi hii mitatu mfumo wa afya wa kijiji hiki ni mimi na mhudumu wa usafi.

Naomba niongezee la umeme na mtandao, kwa sababu wengi wakisikia neno kidijitali wanawaza ofisi zenye jenereta. Sola yetu iliwekwa kwa ajili ya taa ya chumba cha kujifungulia. Kishikwambi kikichajiwa mchana, na kukawa na wingu kama lile la Januari, usiku nazalisha kwa tochi ya simu. Nimeshaamua kwamba taa inatangulia. Mtandao unapatikana chini ya mbuyu ulio kando ya barabara, kama hatua mia mbili hivi kutoka zahanati, na kila jioni wananiona nimesimama pale nikituma taarifa kwa bando nililolinunua mwenyewe. Watoto wa kijiji wameuita mti ule ofisi ya daktari.

Hata hivyo kuna mfumo mmoja ambao sijawahi kuulalamikia, nao ni ule wa kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko kila wiki kwa kubofya namba kwenye simu ya kawaida. Kitochi kinatosha, intaneti haihitajiki, ndani ya dakika mbili nimemaliza. Waliobuni ule walijiuliza kwanza huku tuna nini. Wengine walijiuliza wao wana nini.

Fundi wa Seva

Nimekuwa upande wa pili wa meza, katika kujenga na kufunga mifumo, kwa hiyo naomba nijibu bila kujitetea sana.

Hoja ya mtandao na hoja ya taarifa kumfuata mgonjwa zinavutana, na ni vyema wanajukwaa wakalifahamu hilo. Ukiweka seva ndani ya kituo, kazi inaendelea hata mtandao ukikatika, lakini taarifa zinabaki zimefungiwa pale pale, na siku seva ikiungua kwa umeme kuzidi nguvu, historia ya wagonjwa wa miaka mingi inaondoka nayo. Ukiweka kila kitu kwenye seva moja ya kitaifa, taarifa zinaweza kumfuata mgonjwa kokote, lakini katapila likichimba mtaro na kukata mkongo, yaani kebo ya mtandao, wagonjwa wa wilaya nzima wanasimama dirishani. Njia ya katikati ipo: kituo kifanye kazi chenyewe na kusawazisha na makao makuu kila mtandao unapopatikana. Ni ngumu kuijenga na ni ghali kuitunza, na mara nyingi fedha hutolewa kwa ajili ya kujenga, si kwa ajili ya kutunza.

Jambo la pili linahusu wingi wa mifumo. Kwa miaka mingi kila mradi uliokuja na fedha ulikuja na programu yake, kwa sababu mfadhili wa malaria alitaka takwimu za malaria na wa chanjo alitaka za chanjo, kila mmoja kwa muundo na tarehe zake. Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024 uliliona hilo na kutaka mifumo iunganishwe, na vipande muhimu vipo, ikiwamo rejesta ya vituo vyote vya afya ambapo kila kituo kina namba yake moja. Kwa vituo tumeweza. Kwa wagonjwa bado.

Halafu ikaja Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje. Katika kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, makarani wengi wa takwimu walikuwa wanalipwa na miradi. Sitaki kuingia kwenye siasa zake, ila kiufundi somo lilikuwa chungu: kanzidata ilibaki, kompyuta zilibaki, aliyekuwa anaingiza taarifa akawa hayupo, na kazi yake ikarudi kwa muuguzi yule yule wa vitabu vitano.

Mke wa Mkulima wa Zabibu

Mimi si mtaalamu, ni mgonjwa, na ninataka kumpinga kidogo mwanzisha uzi kwa heshima zote.

Dada yangu, wewe unasema faili lisipomfuata mgonjwa ni kasoro. Mimi ninamfahamu mtu wangu wa karibu ambaye kila mwezi hupanda basi kutoka wilayani kwao, akapita kliniki mbili zinazotoa dawa zile zile, ili akachukue dawa mahali ambapo hakuna anayemjua. Nauli anaikopa. Ukimwambia kwamba sasa kila kituo atakachoingia, hata akienda kung'oa jino, watafungua kompyuta na kuona kila kitu, ataacha dawa. Mimi nimekaa dirishani katika hospitali moja, sitaitaja, skrini imegeuziwa foleni na karani anasoma kwa sauti mgonjwa ameandikiwa nini. Nimeona pia picha ya kipimo cha mtu, ikiwa na jina lake kamili, katika kundi la simu lisilo la kitabibu. Kwenye kadi ya karatasi iliyofungwa kwenye pindo la kanga, angalau mwenye kanga ndiye anayeamua kuifungua.

Mzee wa Makole

Ninaunga mkono aliyenitangulia, lakini mimi hoja yangu ni nyepesi zaidi. Nina zaidi ya miaka sitini, na kwa sera ninastahili msamaha wa kulipia kama sina uwezo. Naandikishwa vizuri kwenye kompyuta, nasubiri, naingia kwa daktari, daktari anaandika kwenye kompyuta, nafika dirisha la dawa, naambiwa dawa hakuna, kanunue duka la nje. Kwa hiyo kompyuta imenisaidia kuambiwa hakuna kwa haraka zaidi.

Tena tunakumbuka mwaka 2017 ilipotangazwa kwamba ndege zisizo na rubani zitapeleka damu na dawa vituoni, na kituo cha kwanza kingekuwa hapa hapa Dodoma. Tuliangalia juu sana mwaka ule uliofuata.

Nesi wa Takwimu (mwanzisha uzi)

Ahsanteni wote. Shikamoo mzee wa Makole, nimecheka na kuumia kwa pamoja.

Kuhusu dawa, ni kweli mfumo wa kuagizia hautengenezi dawa. Faida yake ni kwamba zahanati ikiandika salio la kweli, halmashauri inaweza kuona kituo jirani kina ziada na kuhamisha, na hilo nimeliona likifanyika kwa dawa za malaria. Lakini salio la kweli linahitaji mtu wa kuhesabu makopo, na tunarudi kwa yule yule muuguzi mmoja. Sitaki kujificha nyuma ya hilo kila mara, ila ndivyo lilivyo.

Mama wa zabibu, hoja yako imeninyima usingizi, na ninakubali kwamba niliandika kana kwamba kila mgonjwa anataka kufuatwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na Tume inayoisimamia ipo. Lakini nitakuwa mkweli kuhusu vituoni: nimefanya kazi mahali ambapo watumishi sita walitumia nywila moja, ile ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, imebandikwa pembeni ya skrini kwa plasta ya kufungia kidonda. Katika hali hiyo hata mfumo ukiwa na kumbukumbu ya nani alifungua faili la nani, utaonyesha kwamba mganga mfawidhi alifungua mafaili yote, mchana na usiku, hata siku alizokuwa safarini Kongwa. Kwa hiyo mpangilio wangu umebadilika. Kabla ya kuunganisha mafaili ya wagonjwa, kila mtumishi awe na nywila yake, karani aone jina na malipo tu, na mgonjwa aweze kusema kliniki fulani isionekane nje ya kliniki hiyo. Fundi wa Seva atatuambia kama hilo linawezekana.

Fundi wa Seva

Linawezekana, na si jipya kiufundi. Ruhusa kwa ngazi ya kazi zinakuwamo katika programu nyingi tulizonazo. Kinachokosekana ni mtu kituoni mwenye kazi ya kuziweka, na kuzifuta mtumishi anapohama. Nimewahi kukuta mtumishi aliyestaafu miaka miwili nyuma bado "anaandika" dawa kila siku.

Ila dada Nesi, umetoka na swali lako bila kulijibu. Ulisema kipimo ni vitabu vingapi vimeondoka mezani. Ungepewa mamlaka, ungeondoa kipi kwanza?

Nesi wa Takwimu (mwanzisha uzi)

Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, na kwa kuanzia katika hospitali na vituo vya afya vyenye umeme wa uhakika tu, si kwa Mwana wa Kondoa na mbuyu wake. Ndicho chenye foleni ndefu kuliko vyote, taarifa zake zote tayari zipo kwenye kompyuta ya daktari, na majumuisho yake programu inaweza kuyatoa yenyewe. Kinachotuzuia ni hofu. Wakaguzi wanapokuja wanaomba kitabu, hawaombi kompyuta, na mganga mfawidhi hataki kuwa wa kwanza kuonekana hana kitabu. Kwa hiyo tunaandika kote kuwili, na mwisho wa mwezi namba zikitofautiana, tunarekebisha ya kwenye kompyuta ifanane na ya kwenye kitabu. Ukiuliza kwa nini tusifanye kinyume chake, hakuna anayejibu.

Cha mwisho kuondoka kiwe namba 12. Chumba cha kujifungulia usiku, umeme umekatika, mama anatoka damu na daktari wa zamu anaingia mbio, hana muda wa kuandika nywila. Kitabu kinafunguliwa kwa kidole.

Samahanini, nitawajibu wengine wiki ijayo. Leo ni tarehe 4, majumuisho yanatakiwa halmashauri kabla ya tarehe 7, na nina vitabu vitatu ambavyo vijiti vyake havijahesabiwa.